UZI: Ni nini kilimweka Leonard Mambo Mbotela hewani zaidi ya miaka 50?

#1 Kengeleni
Habari zenu wakuu. Tangu Mzee Leonard Mambo Mbotela atutoke Februari 2025 tumekua tukibishana hapa barazani kwetu Kisauni na hatujaelewana mpaka leo, nikaona nilete huku. Mzee aliingia redio ya taifa, Sauti ya Kenya (VOK), kama mtangazaji 1964. Mwaka 1966 akaanzisha kipindi cha kukosoa tabia mbaya, Je, Huu ni Ungwana?, na kipindi kikaenda zaidi ya miaka 50 mtangazaji ni yuleyule mmoja. Kenyatta kapita, Moi kapita, Kibaki kapita, yeye yuko pale anauliza tu. Stesheni yenyewe imebadilishwa jina njiani ikawa KBC, redio za FM zimejaa mpaka huna pa kuweka mshale, na yeye yupo.

Sasa wengi wanasema ni sauti. Mimi nakataa. Sauti nzuri zilijaa Sauti ya Kenya. Dai langu ni kwamba alichagua jambo lisilozeeka. Siasa za 1966 leo hata huwezi kumweleza mtoto akaelewa, lakini mtu anaekwenda matangani kwa ajili ya pilau, anaeazima kitu cha jirani akakaa nacho mpaka mwenyewe aone haya kukidai, anaepiga kelele usiku wenziwe wamelala, hao walikuwepo na wapo. Semeni, nimekaa nasoma.

#2 Eastlando
Mzee umesahau kitu moja kubwa. Hakukua na redio ingine! Ukifungua ni VOK, ukibadilisha ni VOK ya Kizungu, ama uzime ulale. Capital FM imekuja 1996, Citizen ikafuata mwisho mwisho wa hiyo miaka ya tisini, Kameme 2000. Hiyo ni miaka 30 mtu anacheza peke yake uwanjani. Hapo nani hawezi dumu.

#3 MwalimuMstaafu
Eastlando, hio hoja yako inajibu kwa nini alisikika, haijibu kwa nini alibaki. Watangazaji wote wa Idhaa ya Taifa walikua na uwanja huohuo usio na mpinzani. Nitajie vipindi vingine vya 1966 vilivyofika 2016 na mtangazaji wake. Alafu hizo FM zilipoingia ndo angetakiwa aondoke, maana hapo ndo mchujo ulianza, na hakuondoka. Umri wa kustaafu kazi ya serikali wakati huo ulikua miaka 55, yeye kazaliwa Mei 1940, kwa hio kwa hesabu ya kawaida 1995 alitakiwa arudi nyumbani akafuge kuku. Badala yake kapita 75 na bado yuko kwenye maikrofoni.

Mimi nilifundisha shule ya msingi huku Magharibi na nitasema kitu ambacho nyie wa pwani hamkijui. Kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuja 1985 Kiswahili hakikua somo la lazima la mtihani. Watoto walikiona ni lugha ya askari na ya sokoni. Vitabu vilikua vichache, na sisi walimu wenyewe wengi Kiswahili chetu kilikua cha kuungaunga. Redio ndo ilikua mwalimu wetu, na huyu mzee alikua anasema pole pole, sentensi fupi, neno linakaa mahali pake. Nilikua nawaambia wanafunzi kila mmoja alete tabia moja mbaya aliyoiona njiani, asimame asimulie kwa Kiswahili, na mwisho darasa zima linaulizwa swali lile. Hata mtoto ambae hajawahi kufungua mdomo alikua anajibu. Kwa hio dai langu ni LUGHA. Aliwapa watu wa bara Kiswahili ambacho hakikuwatisha.

#4 Chumbageni
Habari za jioni. Mimi ni wa Tanga mjini na nakuhakikishieni kwetu Sauti ya Kenya ilikua inaingia vizuri sana kwenye mita za kati, na usiku ndo usiseme. Baba alikua na redio ya mbao, kubwa, yenye kitambaa mbele. Tulimsikiliza Mbotela kama wa kwetu. Ila wakuu wa Kenya msichangamke sana, sisi tulikua na Redio Tanzania (RTD), na kwa Kiswahili pale hamkuwa na la kutufundisha. David Wakati, Deborah Mwenda na Mama na Mwana, mtoto gani wa miaka ile hajalala na hadithi za Mama Deborah? Kwa hio MwalimuMstaafu hoja ya lugha ni ya kwenu huko bara la Kenya, kwetu lugha haikua kitu cha kushangaza na bado tulimsikiliza. Lazima kuna lingine.

#5 Eastlando
😂 Wabongo hamkosi. Kila uzi lazima Kiswahili kirudi kwenu

#6 Chumbageni
Hakijarudi kaka, hakijawahi kuondoka

#7 KijanaWaPodikasti
Naomba niseme kitu na wazee msinimeze. Mimi nimemjua Mbotela mwishoni kabisa, nikiwa mdogo kwa shosho ushago. Nikiangalia historia ile naona jibu liko wazi na hakuna anaetaka kulisema. Kipindi kilidumu kwa sababu hakikugusa mwenye nguvu. Fikiria miaka ya chama kimoja, redio iko chini ya wizara, mtangazaji ni mwajiriwa wa serikali, watu wanawekwa ndani kwa maandishi yao. Halafu kuna kipindi kinamuuliza raia mbona unatupa maganda ya ndizi barabarani, mbona unasukuma watu ukipanda basi. Hakuna siku kinauliza mbona ardhi ya shule imechukuliwa na mkubwa fulani, je huo ni ungwana? Serikali gani itaondoa kipindi kama hicho? Sisemi mzee alikua mtu mbaya, nampenda, nasema tu hicho ndo kilimlinda.

#8 BintiMakadara
Kijana, umesema kwa adabu na mimi nitakujibu kwa adabu. Unafikiri sisi tuliokua tunasikiliza hatukua na akili? Akisimulia habari ya mtu mwenye cheo kidogo anaeruka foleni ya watu waliosimama tangu asubuhi, pale sebuleni kwetu hakuna alieuliza ni nani. Kila mtu alikua ana wake kichwani. Marehemu babangu alikua karani bandarini, na kila mzee akimaliza kipindi yeye anataja jina la bosi wake, kwa sauti ya chini. Hakuhitaji kutajiwa.

#9 KijanaWaPodikasti
@BintiMakadara hapo ndo tunatofautiana shangazi. Kama kila mtu anamaliza mwenyewe kichwani, basi alieandika kipindi ni babako. Sifa hiyo mpe babako.

#10 BintiMakadara
Basi nampa wote wawili, mbona ugomvi.

#11 Fundi_Mitambo
Salaam. Nimefanya kazi za ufundi kwenye stesheni kadhaa (za binafsi, si KBC), nataka kumjibu Kengeleni pale anaposema si sauti. Kengeleni inabidi ujue sauti kwenye redio ya zamani si kama hii ya leo. Mawimbi ya kati usiku yanakwenda mbali kwa sababu yanadundwa na tabaka la juu la anga, ndo maana ndugu wa Tanga anasema usiku ilikua inaingia vizuri zaidi, lakini njiani sauti inapanda na kushuka, inafifia, inarudi, na juu yake kuna mkwaruzo. Mtu anaesema haraka, au anaemeza mwisho wa neno, ikifika Moyale au Tanga huambulii kitu. Sasa msikilize Mbotela kwenye rekodi yoyote: irabu anazivuta, anatua, anarudia jambo lilelile kwa maneno mengine. Lile "unguwaaana" la kuvutwa watu wanaliiga kama kichekesho lakini mimi kama fundi nakwambia lilikua linafika hata mawimbi yakififia, maana lilikua refu vya kutosha, likikatika kidogo bado unalipata. Alisomea hilo au alizaliwa nalo sijadili. Ila sauti ilikua ni chombo cha kazi, si urembo.

Na kuna suala la gharama. Kipindi kile ni mtu mmoja, karatasi, maikrofoni. Hakuna waigizaji, hakuna gari la kwenda nje. Meneja yeyote akikaa kukata bajeti hicho hakigusi. Watu hupenda kutafuta sababu kubwa kubwa, mimi nimekaa kwenye vikao vya ratiba, nimeona vipindi vizuri vikifa kwa sababu ya mafuta ya gari.

#12 Ingwe_Damu
Nyote mmekaa na ungwana, mpira je? Mimi Mbotela wangu ni wa mpira. Enzi zile hakuna TV nyumbani, Jumamosi unakaa na redio sikioni, kuna yeye na kuna Mohammed Juma Njuguna, na unaona uwanja wote. Kenya inachukua CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo 1981, 1982 na 1983, Mahmoud Abbas yuko golini, unasikia umati unanguruma kabla hajakwambia imekuaje na moyo unataka kutoka. Watoto wote wa mtaa wetu walikua wanatangaza mechi za makaratasi kwa sauti yake. Ungwana ilimpa heshima lakini mpira ndo ulimpa WATU. Na ndo maana vijana walikubali kumsikiliza akiwakosoa, kwa sababu ni yuleyule wa mpira.

#13 Kogalo_Mzee
Ingwe_Damu umetaja CECAFA ya nchi ukaiacha ya vilabu kwa sababu unajua mwaka 1987 nani alichukua Kombe la Washindi la Afrika 😀 Gor Mahia 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani, Espérance wakaenda nyumbani bila kombe. Nyinyi mna nini?

#14 Ingwe_Damu
Sisi AFC Leopards tuna CECAFA ya vilabu 1982, 1983, 1984, tatu mkononi bila kupumzika. Nenda kahesabu zenu kama zinafuatana tatu. Turudi kwenye mada.

#15 Mtaa_wa_Jogoo
Mzee alikua mkubwa kweli, mpaka mtaa umepewa jina lake. Nimekulia karibu na Mbotela estate, Eastlands. Na pia msisahau 1982 alishikwa akafungwa kwa sababu ya kutangaza mapinduzi. Aliteseka.

#16 MwalimuMstaafu
@Mtaa_wa_Jogoo mambo mawili.

Mtaa si wake. Ule ni wa Tom Mbotela, wa familia hiyohiyo, alikua makamu wa rais wa chama cha KAU na aliuawa Nairobi Novemba 1952, kule mwanzoni mwa hali ya hatari. Leonard wakati huo ni mtoto wa miaka 12. Ile familia ina historia nzito na watu wanaijua nusu. James Juma Mbotela, naye wa familia hiyo, ndie alieandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka 1934, habari za watu waliokombolewa kwenye majahazi na kuletwa Freretown.

La pili, hakufungwa. Tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili, wanajeshi wa anga walimfuata nyumbani alfajiri wakampeleka Broadcasting House pale barabara ya Harry Thuku, na chini ya bunduki akasoma kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Kikosi cha Jenerali Mahmoud Mohamed kilipoikomboa stesheni siku ileile, ni yeye tena alietangaza kwamba serikali ya Moi iko palepale. Mtu mmoja, siku moja, matangazo mawili yanayopingana. Alikua anasimulia mwenyewe kwenye mahojiano mara nyingi tu.

#17 Kengeleni
Asante Mwalimu kwa kutaja Freretown, maana ndo kwetu hapa. Wasiojua: kijiji kilianzishwa na wamisheni wa CMS miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na kengele ya kutahadharisha watu bado iko pale barabarani, ndo pakaitwa Kengeleni. Babu yake Mbotela alikua Myao, asili yake Malawi. Watu wa Freretown walisoma mapema, wakawa makarani, walimu, wachungaji, na nyumbani kwao Kiswahili ndo kilikua lugha ya kwanza kwa sababu walitoka makabila mengi tofauti na hawakua na nyingine ya pamoja. Kwa hio alipokwenda Nairobi hakuna kabila liliweza kusema huyu ni wetu au si wetu. Katika Kenya hii mnajua hilo lina maana gani. Mtu akikemea tabia, kitu cha kwanza Mkenya anauliza ni "huyo ni wa wapi?" Kwake yeye hilo swali lilikua halifiki mbali.

Sikulileta mwanzo lakini sasa naona ni hoja kabisa.

#18 Eastlando
Hiyo ya kabila nakubali 100%. Buda wangu alikua anazima redio kulingana na jina la mtangazaji, na Mbotela hakuzimwa.

#19 Mwambao_Muscat
Assalaam alaykum. Nawasoma nikiwa Muscat, sisi asili Mombasa, Mji wa Kale. Kengeleni mimi nataka kukurudisha kwenye neno lako la kwanza. Umesema si sauti. Haya nijibu. Siku ile ya 1982 Hezekiah Ochuka, kiongozi wa mapinduzi, na wenziwe wana stesheni nzima mikononi mwao. Mafundi wapo, watu wa zamu wapo. Kwa nini wasimame, watume watu, waende wakamtoe mtu kitandani kwake? Wao wenyewe wana midomo, wangesoma. Walijua tangazo lile likisomwa na sauti isiyojulikana nchi itasema ni mchezo wa kuigiza. Likisomwa na Mbotela nchi itaamini. Wanajeshi ambao hawakua na muda wa kupoteza hata dakika waliona kwamba sauti ile ni sehemu ya mapinduzi. Na serikali nayo ilipomrudisha hewani siku ileile ilikua na hesabu ileile. Hapo unaniambiaje si sauti?

#20 Kengeleni
Hapo umenibana lakini sijaanguka. Waliemfuata si sauti, ni imani. Na imani ilijengwa na kipindi. Angekua mtu wa kusoma tu matangazo ya vifo, wangemfuata?

#21 Mwambao_Muscat
Na matangazo ya vifo mbona unayadharau? Hakuna kipindi kilichosikilizwa kwa makini kama hicho Kenya nzima. Watu walikua wananyamaza sahani mkononi.

#22 BintiMakadara
Kweli tupu. Sisi tulipata habari ya kifo cha mjomba kwa redio kabla ya barua kufika.

#23 KijanaWaPodikasti
Mimi nataka kuuliza kuhusu baada ya 1982. Nimesoma kwamba baadaye alihamia Presidential Press Service, kitengo cha habari cha Rais, anaandamana na Moi, kisha akarudi KBC. Hii mnaielezaje? Mtu aliesoma tangazo la kumpindua Rais anapewa kazi karibu na Rais huyohuyo. Waliofanya mapinduzi walikua wanaadhibiwa vibaya, Ochuka alitorokea Tanzania kwa ndege, akarudishwa, akanyongwa 1987. Wanafunzi wa chuo kikuu walioshangilia barabarani wakaishia mahakamani. Na Mbotela akapandishwa. Si kwamba nasema kuna siri, nataka kuelewa.

#24 MwalimuMstaafu
Aliekua kwenye mtutu wa bunduki si mshirika, na serikali ilijua. Hapo hakuna cha kuhoji.

#25 Mtaa_wa_Jogoo
Moi alikua mjanja. Mtu ambae nchi inamwamini unamweka karibu na wewe, si mbali. Akitaja jina lako kila siku kwa sauti ile, imani inahamia kwako.

#26 Fundi_Mitambo
Au ilikua ni uhamisho wa kawaida wa kazi. Watangazaji wa VOK walikua watumishi wa wizara, unahamishwa ofisi hii kwenda ile kama mwalimu anavohamishwa shule. Mpaka sheria ya 1989 ilipoifanya KBC kuwa shirika. Tusiweke hesabu za kisiasa kwenye kila barua ya uhamisho.

#27 BintiMakadara
Na mimi nadhani alikua anampenda Moi kweli, na Moi alikua anampenda yeye. Walikua watu wa kanisa wote wawili, wapenda kwaya. Mbona hilo haliwezekani?

#28 KijanaWaPodikasti
Majibu manne kwa swali moja na yote yanaingia akilini 😅 Ila nashikilia langu la #7. Mtu anaependwa na ikulu hawezi kuuliza ikulu.

#29 Chumbageni
Kijana hapo kwenye #7 umetoa hukumu kwa macho ya leo. Hata kwetu RTD ilikua sauti ya serikali, hakuna alieficha, na bado kulikua na watangazaji tuliowapenda kwa roho moja. Kazi yao ilikua mbolea, kipindupindu, kisomo cha watu wazima. Wewe unaona hayo madogo kwa sababu hukuwepo wakati kijiji kizima hakina choo. Kusema na watu kuhusu namna ya kuishi pamoja mjini wakati maelfu ndo kwanza wametoka kijijini, hawajawahi kupanga chumba kimoja ukuta kwa ukuta na mtu wa kabila lingine, ni kazi ya taifa hiyo. Nairobi ya 1966, Dar ya 1966, watu walikua wanajifunza kua majirani. Hapo ndo naona kipindi kilipopata nguvu. Kilizaliwa na miji.

#30 Kengeleni
Chumbageni umesema kitu kikubwa. Miaka mitatu tu baada ya uhuru. Sheria za mkoloni za nani aishi wapi zimeondolewa, kila mtu anakuja mjini, hakuna mzee wa mtaa wa kumwambia mtu hapa hatufanyi hivi. Redio ikashika nafasi ya yule mzee wa mtaa.

#31 Ingwe_Damu
Na ndo maana alikua anaitwa "mzee" hata akiwa kijana wa miaka 30.

#32 Kogalo_Mzee
Mara hii nakubaliana na mtu wa Ingwe, andikeni tarehe.

#33 Eastlando
Swali tu. Alikufa na miaka 85 ama 84? Kuna mahali nimeona 85.

#34 MwalimuMstaafu
84. Kazaliwa Mei 1940, kafariki Februari 7, 2025. Mei haikua imefika.

#35 Mama_Tatu
Nimechelewa lakini nitaongeza langu. Mimi nilikua dada wa kazi Nairobi kwa miaka mingi, Mwingi ndo kwetu. Nyumba niliyofanya kazi (sitaitaja) mama mwenye nyumba alikua ananihesabia vipande vya nyama. Redio ilikua jikoni, ndo ilikua rafiki yangu, na betri zikiisha nguvu nilikua nazianika juani juu ya paa la kibanda cha makaa zipate kumaliza wiki. Kuna siku kipindi kilikua kinaongea kuhusu watu wanaowanyanyasa wafanyakazi wa nyumbani, chakula tofauti, kikombe tofauti. Mama alikua amesimama mlangoni. Hakusema neno, aliondoka. Sitasema alibadilika, nyama aliendelea kuhesabu. Lakini mimi nililala siku hio nikijua mtu mkubwa wa serikali kwenye redio ya taifa amesema mbele ya nchi nzima kwamba ninachofanyiwa ni kibaya. Kijana anasema mzee hakugusa wenye nguvu. Kwangu mwenye nguvu hakua Rais, Rais simjui. Alikua yule mama.

#36 KijanaWaPodikasti
Mama_Tatu asante sana kwa hii. Nimeisoma mara mbili. Sina la kupinga hapo.

#37 BintiMakadara
Pole mama, na hongera kwa kuyapita.

#38 Fundi_Mitambo
Hii ya Mama_Tatu inanirudisha kwenye jambo linaloniuma. Rekodi ziko wapi? Kipindi cha zaidi ya miaka 50, hata ukihesabu mara moja tu kwa wiki, ni zaidi ya vipindi 2,500. Leo ukitafuta mtandaoni unapata vichache, vingi vya mwisho mwisho na tena mahojiano ya yeye akisimulia 1982, kila mtu anataka 1982. Mikanda ya zamani ilikua ghali. Stesheni moja niliyofanya kazi tulikua tunaamrishwa kurekodi juu ya kanda ya juzi, nimefuta kwa mkono wangu sauti za watu ambao sasa ni marehemu na hakuna aliejali, nilipouliza niliambiwa kanda ni kanda. Tuna wazee wengi wa redio tunawasifu wakifa lakini kazi yao yenyewe hatuna. Mtu wa isimu, mtu wa historia ya miji, angepata kila kitu mle.

#39 Mwambao_Muscat
Wallahi. Charles Hilary naye kaondoka Mei 2025, miezi mitatu tu baada ya Mbotela. Alipita RTD, akapita London, akaishia kua msemaji Ikulu ya Zanzibar. Mpira wake wa redio miaka ya themanini tutaupata wapi?

#40 Chumbageni
Na Julius Nyaisanga 2013. Uncle J. Zile salamu za asubuhi za Redio One, sijui kama kuna mtu ana hata moja.

#41 Mtaa_wa_Jogoo
Mimi kuna kaseti za mzee wangu ziko kwa sanduku, alikua anarekodi muziki wa zilizopendwa kutoka redioni, na katikati ya nyimbo kuna watangazaji wanaongea. Sijawahi kusikiliza zote. Ndani inaweza kua na Mbotela pia.

#42 Fundi_Mitambo
@Mtaa_wa_Jogoo tafadhali usizicheze kwenye redio mbovu zikameza utepe! Kama zimekaa muda mrefu zizungushe kwanza mpaka mwisho na kuzirudisha taratibu, safisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, ndo ucheze, na siku unacheza mara ya kwanza uwe tayari unarekodi kwenye kompyuta, maana utepe mzee unaweza kukupa nafasi hio moja tu. Uko Nairobi sehemu gani? Nitumie ujumbe, mimi nina deki nzima inayofanya kazi.

#43 Mtaa_wa_Jogoo
Nimekutumia. Jumamosi niko huru.

#44 Eastlando
Sawa, wakati mnangoja kaseti, hamjajibu hoja yangu ya #2 na mnajua. Kama angeanza 2006 badala ya 1966, katikati ya FM mia, angefika wapi?

#45 Kengeleni
Angefika, kwa sababu jambo ni lilelile.

#46 MwalimuMstaafu
Asingefika, kwa sababu leo hakuna anaengoja kufundishwa Kiswahili.

#47 Kogalo_Mzee
Angekua mtangazaji wa mpira tu na angetajirika.

#48 Mama_Tatu
Angefika jikoni. Dada wa kazi bado wapo na redio bado iko jikoni.

#49 Eastlando
Mama_Tatu sawa, lakini siku hizi hiyo redio ya jikoni nani anachagua stesheni, ni dada ama ni mwenye nyumba?

#50 Mama_Tatu
Mwenye nyumba akiwa ndani, ni yeye. Akitoka, ni dada.